Niña Tránsito na Kisima Kilicholala

Injinia Lisandro aliingia Ahuachapán, mji wa visima vya mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, na projekta, kofia ya plastiki isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na vyeti sita vilivyokwisha kuandikwa majina. Alikuja kuwafundisha watu wa mvuke kuupanga mvuke wao madaraja. Kwa siku tano. Kana kwamba ardhi ilikuwa ikimsubiri yeye ndipo ichemke.

Wanafunzi watano walikuwa vijana wa chuo kikuu, suruali zimepigwa pasi hadi kwenye magoti. Wa sita alikuwa Tránsito Arriaza, aliyeitwa na wote Niña, yaani binti, kama wanavyoitwa pale wanawake watu wazima wenye heshima zao, hata wakiwa na wajukuu. Darasa la sita alilimaliza. Akachuma kahawa, akaosha masufuria ya wachimbaji, mpaka siku msoma geji za visima alipolewa akaanguka matopeni. Tránsito aliokota daftari, akaendelea kuandika. Hakuna aliyemwambia aache, na hiyo ni miaka kumi na tisa, kila asubuhi ya Mungu. Sasa kampuni ya umeme ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Januari, asiye na cheti cha semina hii hatagusa daftari la visima. Atapewa ufagio.

Basi alikaa mstari wa mbele akasikiliza. Mradi hupewa alama tatu: kama watu, sheria na soko vinaukubali, kama kazi inawezekana, na uhakika ulio nao juu ya kiasi ulichoandika. Kila alama ni namba: moja ndiyo bora, tatu ndiyo dhaifu. Mama yake alichambua kahawa vivyo hivyo, tena bila projekta.

Jumatatu hiyo hiyo mchana walipelekwa Kisima cha Tisa, kilichokuwa kimefungwa miezi minne. Koki ilipofunguliwa mvuke ulinguruma, vijana wakapiga picha. Mmoja wao, Wilber, mwenye kujibu kabla hajaulizwa, akasoma geji kwa sauti: "Tani arobaini kwa saa! Niña, mbona umenuna? Umeogopa kelele?"

"Kelele naijua, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Akilala wiki nzima, siku ya kuamka utadhani atajenga kanisa. Keshokutwa yake humwoni. Kisima hiki kimelala. Kiacheni wazi mpaka Ijumaa, ndipo mwandike."

Wakacheka. Koki iliachwa wazi, maana hakuna aliyetaka kurudi kuifunga, lakini fomu wakaijaza siku ile ile: tani arobaini, uhakika alama moja. Fomu ilitaka saini za wanafunzi wote sita na ya mwalimu. Ikikosekana moja, hakuna cheti kwa yeyote.

Ijumaa alfajiri Niña Tránsito akapanda mlimani peke yake. Akashuka na viatu vya matope, akasimama mbele ya Injinia.

"Ishirini, si arobaini."

"Niña Tránsito, kipimo cha mtu asiye na cheti hakiingii kwenye fomu."

"Na cheti nakipataje?"

"Kwa kusaini fomu."

Alisema hivyo bila hata kuona haya, mtu mzima mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya jua. Tránsito akaiweka kalamu mezani. Ule ufagio aliuona wazi kabisa, pamoja na mlango wa stoo ulikokuwa ukiegemezwa.

"Niña, usituharibie!" Wilber akaruka. "Mama yangu ameshapigilia msumari wa cheti ukutani!"

"Mwambie atundike picha ya mtakatifu."

"Utafagia, Niña," akasema Wilber.

"Nitafagia. Jina langu halitakaa chini ya tani arobaini." Kisha akamgeukia mwalimu. "Injinia, hapa mwenye cheti ni nani?"

"Mimi."

"Peke yako. Na ile arobaini aliisoma nani? Wilber. Wilber ana cheti?"

Jikoni kuku wa sherehe ya vyeti walikuwa wameanza kunukia. Injinia akavaa kofia yake mpya. "Twendeni tukamalize jambo hili."

Walipanda na viatu vya kung'aa, wakishikana kama wazee kwenye ngazi za kanisa. Kisima hakikunguruma tena. Kilipumua kama birika la kuazima. Injinia akaigonga geji kwa kidole, mara mbili, kama wafanyavyo wote wasiopenda wanachokiona.

"Ishirini," akasema. Akafuta miwani. "Basi andikeni uhakika alama tatu."

"Hapana," akasema Niña Tránsito. "Jumatatu ulitufundisha mwenyewe. Alama hiyo haipimi wingi, inapima uhakika. Ishirini hiyo imo kwenye daftari langu miaka mitano, kila mara kisima hiki kikishaamka sawasawa. Andika ishirini, alama moja."

Injinia akachomoa kalamu. Akaandika alivyoambiwa.

Alimpa karatasi. Niña Tránsito aliusoma mstari kwa kidole, akaurudia, Wilber akimshikia fomu isipeperuke. Kisha akasaini jina lake lote, kwa zile herufi kubwa kubwa za shule ya msingi, likala nafasi ya watu wawili, hata ikambidi Injinia Lisandro asaini pembeni.