Jarife Kwenye Mlango wa Mwamba

Mama Kisu alikuwa mpasua samaki sokoni kwa miaka ishirini, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku ya kikao cha wavuvi aliingia na ndoo, akaimwaga mezani bila hata salamu. Matumbo ya chewa, yamejaa pono wachanga.

"Haya, tazameni wenyewe! Papa wanaowala chewa mmewamaliza, sasa chewa wanajilia pono watakavyo. Pono ndio wanaokwangua majani kwenye matumbawe. Wakiisha, mwamba utaota majani mpaka ufe, na sisi tutabaki kupiga miayo!"

Aliyeomba ruhusa ya kutega jarife, ule wavu wa papa, kwenye mlango wa mwamba, pengo wanamopita samaki, alikuwa mdogo wake wa kiume, baba wa watoto wanne. Akamkazia macho. "Dada, unanitilia mchanga kitumbua changu mbele za watu?"

Roho ilimuuma, jamani. Mdogo wake huyu alimlea yeye mwenyewe, mgongoni mwake. Hata hivyo kura ilipofika alinyoosha mkono wa kukataa, na waliokataa wakashinda kwa mkono mmoja tu.

Mdogo mtu hakugomba. Alitazama baharini, jasho linamtiririka. Dada akashtuka. "Umefanya nini wewe?"

"Nimeshatega. Tangu asubuhi. Nilijua watanikubalia."

Lo! Papa akinaswa haogelei, na asipoogelea hapati pumzi. Mama Kisu akamburuta hadi kwenye boti. Mashine ikagoma mara mbili, akaitukana pamoja na aliyeiunda.

Walipofika, maboya yalikuwa yanazama na kuibuka. Wakavuta. Papa jike, tumbo kubwa, wavu umemzonga mwili mzima. Mkia ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Kumfungua kungechukua saa nzima. Mama Kisu alijua dawa ni kuukata wavu, lakini hakuthubutu. Wavu haukuwa wake.

Mdogo wake akachomoa panga, akaanza kukata. Alikata huku analia, mpaka jarife likawa matambara. Papa akalala ubavu juu ya maji. Wakangoja. Ghafla akapiga mkia, akazama zake.

"Haya, ameenda," mdogo mtu akasema. "Na wanangu, dada? Wale nini?"

"Watakula kwangu." Akampokonya panga mkononi. "Nawe utakula kwangu, mjinga mkubwa wee. Washa mashine."