K Mbili za Fundi Kabula

"Zima kidogo, mdogo wangu," Kabula Ngassa anamwambia dereva wa bajaji. "Nisikilize."

Ni asubuhi, na barabara inateremka kuelekea ufukwe wa Ujiji. Dereva anazima. Kutoka chini kwenye maji unapanda mlio wa injini ya silinda sita, na Kabula anaujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Injini hiyo ameiunda yeye, nyuma ya nyumba yake Isevya, mjini Tabora. Aliijaribu, akaifungua vipande, akaipakia kwenye behewa la mizigo. Leo ameshuka kwenye treni na mfuko wa spana aje kuifunga kwenye boti.

Sasa inanguruma. Nani kaifunga?

Tena ndani ya ngurumo kuna kitu kinagonga, tik tik tik, kama cherehani inayoshona bati.

"Washa," anamwambia dereva. "Kimbiza."

Watu wa Isevya wana mengi ya kusema juu ya mama huyu wa miaka arobaini na sita. Wataapa mbele yako kuwa mashine ya kusaga ya Isikizya iliwahi kugoma, Kabula akaisikiliza kwa simu huku anakaanga vitumbua, akamwambia mwenye mashine atoe panya kwenye bomba la hewa. Panya akatoka, wanasema, akasalimia. Ukimuuliza Kabula mwenyewe, hukanusha lile la salamu tu.

Lakini linalowachekesha zaidi ni kwamba ni fundi wa injini za boti katika mji usio na ziwa. Tabora kuna maji ya kunywa, ya kufulia na ya mvua. Ya kuelea, ukiacha bwawa la Igombe, hamna.

"Malori yanafia kwetu, boti zinafia kwao," anaeleza Kabula. "Mimi nipo katikati, na reli inapita mlangoni. Nikae nisubiri nini?"

Injini hii ilitoka kwenye lori lililobeba tumbaku Urambo mpaka fremu ikakatika. Aliyeiagiza ni Mzee Mfaume, mwenye boti ya mbao inayopeleka mizigo na abiria vijiji vya kusini mwa ziwa. Injini yake ya zamani ilikwama majini, na watu walipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Kwa hiyo aliposema anataka nyingine, hakutaka maneno mengi.

Kazi kubwa ya Kabula haikuwa injini, ilikuwa oili yake. Injini ya lori hupigwa upepo usoni siku nzima. Ya boti hukaa tumboni mwa mbao kama mgonjwa wa malaria aliyegubikwa blanketi tatu. Oili huchemka, ikawa nyepesi kama maji ya mchele, na vyuma vikaanza kulana.

Ndiyo maana alitengeneza kipozeo, bomba nene la shaba lenye vibomba vyembamba ndani. Maji ya ziwa yanapita kwenye vibomba, oili inapita pembeni yake, inapoa. Filta nayo aliihamisha, kwa sababu chini ya injini ya boti hapaingii hata mkono wa mtoto. Aliiweka juu, ubavuni, ikawa na mipira miwili. Mmoja unapeleka oili kuchujwa, mwingine unairudisha kwenye injini.

Mipira hiyo miwili ndiyo habari yenyewe.

Bajaji inasimama. Boti imesheheni. Kuna magunia, madumu, kuku, na abiria waliokwisha kukaa. Gaudensia, mfanyabiashara wa maharage kutoka Ulyankulu, ameketi juu ya magunia yake kama malkia. Mzee Mfaume yuko kwenye injini, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umechelewa harusi, tumeshakula pilau. Shemeji yangu Shukrani kafunga kila kitu. Gulio la kusini halingoji treni."

"Izime, mzee."

"Ndiyo kwanza tumeiwasha. Njoo uone geji ya oili. Mshale umesimama kama askari wa gwaride."

Kabula haangalii geji. Anavua viatu, anaingia majini mpaka magotini, yeye asiyejua kuogelea, anapanda botini na kwenda moja kwa moja kwenye filta. Anaminya mpira wa kwanza. Mgumu kama mfupa. Anaminya wa pili.

Umelegea. Umenywea kama chuchu ya mbuzi aliyekwisha kukamuliwa.

Anazima injini kwa mkono wake mwenyewe.

"Fundi, unatuchelewesha," anasema Gaudensia. "Maharage yangu yataota humu humu."

"Dada, yaache yaote. Ninyi mngeota mizizi katikati ya maji."

Anafungua kifuniko cha juu cha injini. Mahali panapotakiwa kumetameta kwa oili pamekauka, unaweza kuanika mchicha. Mzee Mfaume anachungulia, furaha inamtoka taratibu.

"Lakini geji..."

Geji haikusema uongo, na hilo ndilo lililomtisha Kabula. Tundu la asili la geji kwenye injini liliharibika nyuzi za kufungia, akaihamishia kwenye mpira unaotoka pampu, kabla ya filta. Ilikuwa ikisoma nguvu ya pampu tu. Ni sawa na kumuuliza mpagazi anayeondoka Ujiji kama mzigo umefika pwani. Atakujibu vizuri kabisa, kwa sababu ndiyo kwanza ameubeba.

Oili ilikuwa ikigonga filta upande usio wake. Ndani ya filta mna ulimi wa mpira unaoiruhusu kupita njia moja tu. Ukigeuza njia, unasukuma mlango unaotakiwa kuvutwa.

"Shukrani," anauliza Kabula kwa sauti ya chini, "kaka yangu, mipira umeifungaje?"

Shukrani, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba nyumba, anajifuta mikono. "Nimefuata alama zako, fundi."

"Alama zangu zinasemaje?"

"Huu una K. Na huu una K."

Kabula anainama. Rangi nyeupe, mwandiko wake mwenyewe, aliouandika mbio mbio wakati mlango wa behewa unataka kufungwa. K ya Kuingia. K ya Kutoka.

Anakaa chini, juu ya dumu, miguu ikichuruzika maji.

"Nilihisi nimemeza spana," anasimulia siku hizi. "Namba kumi na tisa. Nilitafuta wa kumlaumu boti nzima, nikakuta mkono wangu."

Gaudensia akadakia. "Ninyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini zisipotee. Leo herufi moja imewalemea?"

"Herufi mbili, dada," akajibu Shukrani. "Ingekuwa moja tungepona."

Mzee Mfaume hakucheka. Aliwatazama abiria wake mmoja mmoja, akawaomba washuke. Kisha akamgeukia Kabula. "Mama, ile injini ya kwanza ilituacha karibu na ufukwe. Hii ingetuacha wapi?"

Kabula anasema hilo ndilo swali alilorudi nalo nyumbani.

Injini iliinuliwa kwa magogo na mnyororo. Beringi zilikuwa na mikwaruzo, kama zilizopitiwa na kucha za paka, ila shaba ya chini ilikuwa haijaonekana. Chuma kikuu kinachozunguka ndani yake kilikuwa bado hakina mkwaruzo. Beringi mpya zililetwa na treni iliyofuata. Kabula akageuza mipira, akahamisha geji upande wa pili wa filta, na kabla ya kuwasha akaizungusha injini kwa mkono mpaka oili ikachomoza juu.

Siku ya safari Kabula naye alipanda. Mzee Mfaume hakumlazimisha, alimwachia tu nafasi kando ya injini. Wanaosimulia husema hakuliona ziwa hata kidogo. Alikwenda kusini na kurudi mkono mmoja ukiwa kwenye mpira wa pili, na samaki, kwa heshima, wakaogelea kimya.

Yeye anakumbuka kitu kimoja. "Ulikuwa mgumu. Na wa moto kidogo. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kuogopa maji sasa, maana nilikuwa sijapata nafasi."

Nyuma ya nyumba yake Isevya kuna injini nyingine juu ya magogo, ya jirani wa Mzee Mfaume. Shukrani amekuja kuichukua. Kabula haandiki tena herufi. Amekwenda kwa mchonga vyuma, kila mpira ukapata mdomo wa kipimo chake, na nyuzi zake zinakataa tundu la mwenzake.

Mpango wake ni kupata kibanda Ujiji, karibu na maji, ili awe anafunga kazi yake mwenyewe. Mpaka hapo, ana sharti moja kwa kila mteja.

"Kosea," anamwambia Shukrani.

"Nikosee kwa makusudi, fundi?"

"Kabisa. Geuza mipira."

Shukrani anachuchumaa. Anasukuma, anazungusha, anabadilisha spana, anatoa jasho la kulowesha kola. Anajaribu kwa mkono wa kushoto. Anatukana kidogo kwa Kiha.

"Haiingii."

"Jaribu tena."

Anajaribu tena. Kabula anangoja mpaka anapoinuka na kutikisa kichwa, ndipo anapomwita mwenye mkokoteni aje kuibeba injini kwenda stesheni.