Vistari vya Nkunga

Ikram alisukuma kikombe cha chai mbali na kompyuta kama aliyekuta nzi ndani. Kwa miaka miwili, kutoka chumba chake cha Msasani, alikuwa akiunda na Fred wa Mbeya lugha ya kompyuta ya kufundishia wanafunzi. Sehemu yake ilikuwa safu za namba: namba nyingi zinazopangwa mstari mmoja na kupigiwa hesabu kwa amri moja. Kesho yake lugha hiyo ingetolewa kwa umma.

Ili kuijaribu, alichukua vipimo vya mvua ya Machi. Kipimo cha mvua cha mjini kilikuwa na namba thelathini na moja, moja kwa kila siku. Kutoka daftari la mzee Asajile, mkulima wa chai wa kijiji cha Nkunga, alikuwa amenakili ishirini na saba. Akaamuru safu moja itolewe kwenye nyingine. Lugha haikulalamika. Ilichukua namba nne za mwanzo wa mwezi wa Nkunga, ikazibandika mwishoni ili safu zilingane, ikatoa jibu lililopangika vizuri kabisa.

Kanuni hiyo ya kurefusha safu fupi aliiandika mwenyewe. Fred aliisifu.

Alimpigia mzee simu, akamwamkia, akauliza siku nne zimekwenda wapi.

"Tulikuwa na msiba, mwanangu. Siku za msiba hatugusi shamba, na kipimo kiko shambani. Niliweka vistari."

Vilikuwepo daftarini, tarehe kumi na mbili hadi kumi na tano. Wakati wa kunakili aliviruka. Akauliza kama aweke sifuri.

"Sifuri ni siku niliyokwenda nikakuta pakavu. Hizo sikwenda. Na tulizika tunalowa."

Fred, alipoelezwa, alimwambia asihangaike, lugha kubwa za kompyuta nazo zinafanya hivyo. "Acha ipite, dada. Nani ataona?"

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika. Hata yeye, aliyeitunga kanuni, nusura asione. Mvua ya mwanzo wa mwezi ilikuwa imejaza pengo la watu waliokuwa msibani, na tarehe zote za baadaye zimesogea.

"Jina langu halitoki na uchafu huu," alimjibu.

Alifuta kanuni yote. Safu zisizolingana zikawa zinakataliwa, na kistari kikapewa nafasi ndani ya safu: namba yoyote ikikutana nacho, jibu ni kistari. Fred alinuna siku tatu; lugha ilichelewa wiki mbili. Ikram aliporudia mvua ya Machi, vistari vya mzee vikiwemo, tarehe kumi na mbili ilitoka na kistari, na tatu zilizofuata vilevile. Ya kumi na sita ilikuwa na namba yake.