Kivuli cha Bustani Mpya

Juzi nilikuwa nimepanga foleni katika ofisi ya mji hapa Nachingwea, askari akaingia na bibi kizee wa mtaa wa Nambambo. Kwa mkono mmoja alishika jembe la bibi, kwa wa pili alimshika bibi mwenyewe.

"Huyu ameng'oa nyasi za bustani mpya," alimwambia karani. "Upande mzima umebaki udongo mtupu."

Karani aliweka kalamu chini. "Bibi, nyasi zile tumezipanda sisi, tunazimwagilia kila siku. Mbona umeziharibu?"

"Sikuharibu, mwanangu. Nimepalilia. Kila Shaabani, kabla ya mwezi wa kufunga, napalilia pale. Mume wangu amelala pale, na mama yake."

Karani aligeukia ramani ya mji ukutani, akaitazama bustani iliyopakwa kijani. "Wapimaji walipapenda kwa miti yake mikubwa," alisema polepole. "Kwingine kote matrekta yalikuwa yameshaifyeka."

"Nani angekata miti ya makaburini?" bibi aliuliza, wala hakuwa na hasira.

Alirudishiwa jembe, akaonywa asirudie tena, akatoka akifuta mpini kwa pindo la kanga.

Ramani ile ina rangi ya barabara na rangi ya maduka. Rangi ya wafu wetu sikuiona. Wakubwa husema mji bila bustani si mji, nami niliwaunga mkono katika safu hii hii. Jumapili iliyopita nilikaa kwenye benchi jipya la bustani ile, nikanyoosha miguu juu ya nyasi, nikasifu kivuli.