Mashine Isiyopiga Hodi

Nilikwenda Ifakara kwa sababu ya jiko. Karatasi za chuo zinasema nilikwenda kupima gesi inayotoka kwenye majaruba ya mpunga, na hilo nililifanya, lakini msijisumbue nalo. Mama yangu mdogo, Sista Fridolina, alinipigia simu kutoka posta akipaza sauti kana kwamba waya haupo. Tangu mavuno yaanze, jiko la gesi ya samadi pale parokiani limekosa nguvu, jikoni kunanuka, mafundi wawili wameshindwa, na Paroko ameapa kulifukia shimo lenyewe.

"Akifukia, Mama Agata anarudi kwenye kuni," alisema. "Na daktari amesema macho yake hayawezi tena moshi. Njoo na hilo dude lako."

Dude lenyewe ni sanduku la leza tulilorithi kwa wafadhili miaka hiyo ya tisini, mradi wao ulipokwisha na wakaona uvivu kulibeba. Linatupa mwali usioonekana hadi kwenye kioo kilichosimamishwa mbali, na kioo kinaurudisha. Gesi ya samadi, ambayo ni ndugu wa gesi ya matope, huumeza mwali huo. Ukirudi umefifia, mshale unapanda, nawe unajua gesi ipo hapo katikati bila kusogea karibu wala kunusa. Kwa mtu mwenye pua kama yangu, hiyo ni neema.

Dar tuliondoka alfajiri, mimi na dereva Ramadhani, ambaye alilifunga dude kwa kamba nyingi kuliko alivyonifunga mimi mkanda.

Kidatu tulifika jua likiwa kali, vumbi la barabara ya miwa limetupaka poda. Kwenye kizuizi askari aligonga sanduku kwa kidole.

"Hii nini?"

"Leza, afande."

Akarudi nyuma hatua kadhaa. "Silaha?"

"Hapana. Inapima gesi. Ardhi ikijamba, inajua."

Akamtazama Ramadhani, Ramadhani akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyepewa kazi ya kumsindikiza mgonjwa. Tukaruhusiwa kupita.

Ifakara tuliingia jioni. Tulikuta tunasubiriwa. Ua wa parokia umefagiliwa hadi unaonyesha alama za ufagio, na kuku wamefungiwa. Kuba ya saruji iliyofunika shimo la gesi, chini ya dirisha la jikoni, ilikuwa inang'aa. Juu ya mfuniko wake maji safi yametulia, kama inavyotakiwa: mfuniko huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na maji huwekwa juu ili udongo usikauke.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mama mdogo.

"Milele amina. Shikamoo, mama mdogo."

Nyuma yake alisimama mpishi, Mama Agata, macho mekundu kwa miaka ya kupuliza kuni. Alinishika mkono hakuuachia. "Mwanangu, hilo jiko ndiyo macho yangu haya," alisema. "Wasilifukie."

Asubuhi nilisimamisha kioo kwenye nguzo ya uzio, nikaupitisha mwali juu ya kuba, Paroko akiwa begani kwangu na harufu yake ya tumbaku. Mshale ulilala. Nikapima tena hadi mchana, ukalala tu. Nilitamani kuupiga teke.

"Kwa hiyo mashine inasema salama, na jiko linanuka," Paroko alisema. "Kama wale mafundi wawili. Basi, kesho vijana wanaleta majembe. Sitaki kumzika mpishi."

Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Aliogopa moto. Lakini Mama Agata aliposikia neno majembe, aliingia jikoni akafunga mlango, nami nikajiona sina faida hata ya kuku waliofungiwa.

Kulipopambazuka tuliaga. Mama Agata alitupungia mkono bila kutuangalia. Tulizunguka hadi majarubani, upande wa kwenda Kivukoni, ambako mashamba ya chini yalikuwa bado na matope. Kioo nilikuwa nimekiacha kwenye nguzo ya parokia makusudi, kwa sababu nilihitaji mwali mrefu unaovuka majaruba. Jua lilipokuwa limepanda nilitega dude juu ya tuta, nikatafuta kioo kwa darubini yake ndogo, nikawasha.

Mshale uliruka hadi mwisho.

"Matope hayo," alisema Ramadhani.

Niligeuza mwali kwenye kioo cha akiba alichokwenda kukisimamisha Ramadhani ng'ambo, nikaupima juu ya majaruba matupu. Mshale ukainuka kidogo tu, kwa adabu. Nikaurudisha parokiani, ukaruka tena. Nikaweka jicho kwenye darubini. Mama Agata alikuwa juu ya kuba. Maji ya mfuniko yamekwisha kumwagwa, pamekaushwa kwa tambara, naye anatandaza mpunga, taratibu, kwa viganja, kwenye saruji ile nzuri yenye joto.

Nilicheka hadi Ramadhani akaniuliza kama nimeumwa na kitu. Ifakara nzima huanika mpunga popote penye saruji. Nani aache kuba? Udongo ukikauka, unapasuka, gesi inatoka. Wakisikia fundi anakuja, mpunga unazolewa, panaoshwa, maji yanarudishwa, udongo unavimba na kuziba. Hakuna fundi aliyewahi kuliona tundu, kwa sababu kila fundi ni mgeni, na mgeni hufagiliwa. Dude langu lilikuwa la kwanza kufika pale bila kupiga hodi.

Tulirudi mbio. Vijana walikuwa wamefika na majembe.

"Mpunga wa nani?" niliuliza.

Mama Agata alijifuta viganja kwenye kanga. "Wa Baba Paroko. Aliniambia niuanike pakavu."

Uso wa Paroko, aliyesimama na vijana, niliufurahia kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Vijana walitazama majembe yao. Kisha Paroko akavua viatu, akapanda kwenye kuba, akaanza kuzoa mpunga wake mwenyewe.

Tulipaka udongo mpya, tukajaza maji. Siku iliyofuata Mama Agata aliwasha kiberiti, moto wa buluu ukasimama. Alilia, nami nikalia, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Safari ya kurudi ilianza mchana. Mpunga ulikuwa umehamia kwenye ngazi za kanisa, waumini wanauruka wakiingia. Paroko alitusindikiza hadi garini akaliegemea sanduku.

"Hii mashine," aliuliza kwa sauti ya chini, "ikiwa Dar, inaona mpaka huku?"

"Inaona, Baba."

Akaliachia sanduku taratibu, mtu ambaye kila Jumapili huwaambia wenzake kwamba wanaonekana wakati wote. Mama mdogo ananiambia mfuniko haujakauka tena.