Mkono Juu ya Ubao

Mke wangu Adèle alizaliwa Kasaji, kwa watu wa makala. Baba yake alichoma makala msituni, mama yake akayafunga kwenye mifuko, na watoto wote walijua fundo la nyumba yao kabla ya kujua kusoma. Kamba inazunguka, inarudi chini yake yenyewe, kisha ncha inalazwa upande wa mfungaji. Mfuko uliofungwa hivyo ulifika Kolwezi kwa treni bila kumwaga kipande. Na mtu akiufungua njiani ili aibe, mwenye mfuko alijua mara moja, kwa sababu mwizi alifunga fundo lake mwenyewe.

Adèle akasoma uuguzi, akapata kazi katika hospitali moja ya hapa Kolwezi. Kwa kuwa alikuwa mgeni, walimpa chumba ambacho wengine walikikimbia, chumba cha watu walioungua. Walimwambia ni kwa muda mfupi tu. Alikaa humo mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Mimi ni seremala. Jioni alirudi na harufu ya chumba kile kwenye nguo, akaoga, tukala ugali wetu wa bukari, ndipo akanieleza siku yake. Kutoka kwake nilijifunza kwamba mtu aliyeungua hapakwi yai, wala dawa ya meno, wala mawese. Anamwagiwa maji safi. Shuka haitakiwi kumgusa, ndiyo maana alinituma nitengeneze matao ya mbao ya kuinulia shuka. Na kabla ya kubadilisha bandeji alimweleza mgonjwa kila atakachofanya, hata kama ni mtoto mchanga. Hakumdanganya mtu kwamba haitauma.

Wakati umeme ulipokuwa ukikatika ovyo, aliletwa mshonaji mmoja wa Musonoi, jina lake Stany. Alikuwa ametia esansi, yaani petroli, kwenye jenereta ambayo bado ilikuwa moto. Dumu la esansi, bidon, likashika moto ndani ya nyumba, na watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Stany aliishika ile bidon kwa mkono wa kulia akaitupa nje. Watoto hawakuungua. Yeye aliungua kifua, na zaidi kiganja na vidole.

Adèle alimjua vizuri, kwa sababu mke wa Stany alikuwa Yolande. Waliimba pamoja kwenye korali ya parokia, bega kwa bega, sauti moja. Binti yetu Naomie alipozaliwa, nami nikawa tata ya Naomie, yaani baba yake, Yolande ndiye aliyembeba kutoka hospitali mpaka mlangoni petu. Alimwita Adèle yaya, kama dada yake mkubwa.

"Kifua kitapona," Adèle aliniambia jioni ile. "Ninaogopa mkono. Nyama ya kiganja ikipona inavuta vidole ndani. Ikivuta, mkasi hataushika tena. Nitengenezee ubao."

Nilichora mkono wangu kwenye mbao laini, vidole vikiwa wazi, nikaikata na kuipiga msasa mpaka ikawa laini kama sahani. Niliipeleka mwenyewe. Adèle aliifunika kwa pamba na kitambaa safi, akalaza mkono wa Stany juu yake, akafunga kidole kimoja kimoja, na mwisho akaweka fundo la Kasaji.

"Mama Adèle," Stany alisema huku machozi yakimtoka, "umenifunga sawa mufuko ya makala."

"Makala hailalamike."

"Makala haina muke wa kuchekelea."

Yolande alicheka. Ndiye aliyekuwa garde-malade wake, yaani ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, anayepika, anayemlisha na kumwosha mgonjwa. Bila huyo, hospitali zetu haziwezi kitu. Adèle alimgeukia.

"Yolande, sikia. Mukono inapenda kulala yenye kujikunja. Njo vile inasikia muzuri. Lakini pale inasikia muzuri, njo pale inaharibika. Mi tu njo ninafungua, asubui, anafanya mazoezi, ninafunga tena. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya."

Siku si nyingi Adèle akaona vidole vimeanza kuwa vigumu. Halafu asubuhi moja akatazama bandeji, akaona fundo si lake. Alimaliza kazi, akaaga, akafika mpaka getini, akarudi. Alimkuta Yolande ameketi kitandani, mkono wa Stany uko mapajani mwake, umejikunja kama mtoto aliyelala. Ubao ulikuwa chini, kwenye mkeka.

"Yolande."

"Yaya, alikuwa analia. Tangu tuoane sijamuonaka analia."

"Mbele yangu analia kila siku."

"We umezoea."

Adèle alinipa neno hilo kama lilivyosemwa, na sauti yake ilishuka alipolitaja.

Yolande alimwomba asimwambie dokta, kwa sababu angefukuzwa, na Stany angebaki na nani? Aliahidi kwa jina la watoto wake. Adèle akakubali. Na zaidi ya kukubali, alikaa naye pale kwenye mkeka akamfundisha fundo la Kasaji, ili bandeji ikilegea usiku aweze kuikaza vizuri.

"Ulimfundisha?" nilimwuliza.

"Ni Yolande," alinijibu.

Kuanzia hapo kila asubuhi Adèle alikuta fundo lake, ncha imelala inavyotakiwa, naye akafurahi. Lakini vidole viliendelea kuingia ndani. Alipaka mafuta, alivinyosha, aliongeza mazoezi, alimwuliza dokta kama kuna ugonjwa mwingine. Nyumbani hakula vizuri. Alifikiri ni mikono yake mwenyewe iliyokosea.

Mpaka siku ambayo dokta alitaka kumruhusu Stany, akamwambia afungue mkono, na mkono haukufunguka. Vidole vilikuwa vimeshikamana na kiganja. Wajomba wa Stany walikuwa wamejaa chumbani. Mmoja akauliza nani ameharibu mkono wa mtoto wao.

"Njo yeye," Yolande alisema. Hakumtazama Adèle. "Alikuwa anafunga nguvu sana. Damu haikupita. Mi nilisema, hakunisikia."

"We ulikuwa unafungua?" dokta alimwuliza.

"Mi? Hata siku moja. Fundo ni yake, kila mutu hapa anaijua."

Adèle alielewa hapo hapo, akiwa amesimama na sahani ya pamba mkononi. Akamgeukia Stany.

"Stany, we unajua."

Stany alitazama ukuta. "Mi nilikuwa nalala sana, Docteur. Sijui."

Walimhamisha Adèle kwenye chanjo. Kwenye korali habari ilikuwa imefika kabla yake. Jumamosi ya mazoezi alikuta Yolande amekaa mahali pao pa kila siku na wanawake wengine wamemzunguka, na hapakuwa na nafasi kwenye benchi lile. Alirudi nyumbani, akakunja kitambaa cha korali, akakiweka chini ya sanduku.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja Stany alisimama mlangoni petu, ubao wangu kwapani. Alikuwa ametoka Lubumbashi, ambako walimpasua kiganja wakabandika ngozi ya paja. Vidole vilikuwa wazi tena, vyekundu.

"Banasema kama haifungwe muzuri, itarudia," alisema. "Kwetu hakuna mwenye kujua kufunga, yaya."

Adèle alimwonyesha kiti. Akanawa mikono, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Siku ile ulikuwa unalala?"

"Hapana."

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote." Stany aliinamisha kichwa. "Ni muke yangu, yaya. Ningerudia kwa nyumba na nani?"

Adèle alilaza mkono kwenye ubao, akafunga kidole kimoja kimoja, polepole, akimweleza kila anachofanya, kama anavyomweleza mgonjwa yeyote. Stany akajaribu kutabasamu.

"Sawa mufuko ya makala."

Adèle alikata kitambaa kilichozidi. Kutoka dirishani nilimwona Yolande barabarani, amekaa juu ya pikipiki ya taksi iliyozimwa, kitenge kimefunika kichwa. Adèle alikuwa amemwona kabla yangu. Alikuwa amesogeza kiti chake ili aupe mlango mgongo.

Nilisogea kutazama mwisho wa bandeji. Halikuwa fundo la Kasaji. Kitambaa kilipita mahali ambapo sikuweza kukifuata kwa macho, na ncha haikuonekana kabisa.

"Urudi siku ya tatu," alimwambia Stany. "Nitafungua mimi."

Stany alipokwisha kuondoka nilimwuliza hilo ni fundo gani.

"Langu."

"Utanionyesha?"

Alikuwa anakusanya pamba mezani. Aliendelea kukusanya.

"Hapana, tata ya Naomie," alisema. "Hata wewe."