Mashine ya Karata na Ng'ombe wa Mahari Yangu

Mashine ya karata iliingia Buseresere nyuma ya lori la pamba, imeviringishwa blanketi, miaka ile ya mwisho ya themanini ambapo vitu vilivyokuwa vimepotea madukani vilianza kuonekana tena, na vingine ambavyo hatukuwa tumeviomba. Aliyeileta alikuwa mnunuzi wa dhahabu mwenye baa kando ya barabara ya Biharamulo. Wakati ule bara hakukuwa na televisheni, kwa hiyo siku za mwanzo watu waliagiza bia ili tu wapate haki ya kukodolea macho kile kioo. Ulinunua visarafu vya shaba kaunta, ukatumbukiza, ukabonyeza, zikatokea karata tano. Ulishika ulizozipenda, nyingine zikabadilishwa. Zikipangana vizuri, mashine ilikutapikia visarafu, ukavirudisha kaunta kwa pesa. Zisipopangana ilikaa kimya, na ilikuwa na kipaji kikubwa cha kukaa kimya.

Wachimbaji waliipokea kama duara jipya, yaani shimo la dhahabu. Kwao shimo ambalo halijatoa kitu kwa muda mrefu limekaribia kutoa, na anayeliacha ndiye mjinga. Walikaa mbele ya kioo kwa zamu kama wanavyolinda mawe yao. Hatimaye wakamleta mfumu, mganga wa kupasua kuku na kusoma matumbo yake. Baada ya kumaliza kuku wengi wa watu, yule bwana akawanong'oneza jambo ambalo, kwa aibu ya sisi tuliosoma na tuliobatizwa, lilikuwa kweli: kila jioni jenereta ikiwashwa, karata zinazotoka kwanza ni zilezile za jana, na mchezo wa tatu unaleta wafalme wanne. Alisema ameambiwa na kuku. Nadhani aliambiwa na macho yake, maana kuku wale walipikwa supu palepale baa, na yeye hakukosa supu hata jioni moja. Mwenye baa hakushtuka. Wafalme wa jioni walimvutia wateja, na aliyeshinda mchezo wa tatu kwa kawaida alibaki hapo mpaka akarudisha kila kitu.

Baba yangu hakukanyaga pale. Alikuwa katekista wa kigango chetu, na kuku wa mfumu walikuwa dhambi isiyohitaji maelezo. Tena alikuwa na shida kubwa zaidi, nayo ilikuwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina mchumba kijiji cha pili, tumependana kweli, na baba yake alikuwa ametaja mahari ya ng'ombe wengi kuliko waliokuwa zizini kwetu. Washenga walikuwa wamekubaliana siku: Jumapili baada ya Pasaka. Ng'ombe wakifika wote, nitaoa. Wasipofika, mzee yule atakuwa huru kusikiliza wengine, na alikuwa mzee mwenye masikio mepesi.

Ndipo akaja mjomba wangu, fundi wa redio kutoka Masumbwe, kuitengeneza spika ya ile mashine. Alilala kwetu, na wakati wa chakula baba akamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ni pepo gani anayekaa mle ndani. Mjomba alicheka. Alisema mle hamna pepo wala bahati, mna hesabu. Namba moja inazidishwa, inaongezwa kitu, inakatwa kichwa, yaani tarakimu za mbele, inabaki namba nyingine. Hiyo nayo inazaa yake, na kila inayozaliwa inageuzwa kuwa karata. Asiyeijua namba ya kwanza anaona karata zinakuja ovyo, kumbe ni ukoo mmoja unaendelea kuzaana. Huko mjini mashine za namna hii hazizimwi. Namba zinakimbia mchana na usiku hata kama hakuna anayecheza, na kidole kinapobonyeza hakuna mwenye kujua zimefika mjukuu wa ngapi. Hii ya kwetu ilikuwa inazimwa kila siku kwa sababu dizeli ni ya shida. Ikizimwa inasahau ilikofika. Ikiwashwa inaanza upya kwa babu yuleyule, na babu yuleyule anazaa watoto walewale.

Baba aliacha kula.

"Kwa hiyo si uchawi, shemeji?"

"Si uchawi. Ni hesabu."

"Basi kama ni hesabu, si dhambi."

Mama, aliyekuwa anamenya karanga, alisema hesabu anazozijua yeye hazihitaji mtu kuuza ng'ombe. Baba alikuwa ameshaanza kuhesabu ng'ombe kwa vidole. Kwa kweli hata mimi nilikuwa nimeshafurahi.

Jumatatu ya Pasaka tuliwaswaga ng'ombe hadi Buseresere. Aliyewanunua ni mwenye baa mwenyewe, kwa kuwa yeye alinunua chochote chenye uzito. Mpango wa baba ulikuwa mwepesi: ataweka visarafu vichache mchezo wa kwanza na wa pili, ataweka vingi wa tatu, kisha atawanunua ng'ombe wake tena na kuongeza wale waliopungua. Jioni alinawa mikono, akakaa mbele ya kioo, akafanya ishara ya msalaba. Mchezo wa kwanza ukaleta karata ambazo si zile za kila jioni. Wa pili vilevile. Wa tatu, aliouwekea vingi, ukaleta takataka tupu.

Baba hakutaharuki. Aliniambia kuna mtu amecheza kabla yetu, kwa hiyo ukoo umesogea mbele, nasi tuufuate tu mpaka tuwafikie wafalme, kama mpaliliaji aliyechelewa anavyotafuta tuta lake. Akanunua visarafu vingine. Ilinichukua muda kugundua kilichokuwa kinanisumbua masikioni. Jenereta ilikuwa inanguruma, na sikukumbuka kuisikia ikiwashwa. Nilipomwuliza mwenye baa, alinijibu kwa fahari kwamba dereva wa lori alimletea mapipa ya dizeli tangu Ijumaa Kuu, na sikukuu yote hajaizima hata mara moja, ili bia iwe baridi. Nchi nzima ilikuwa inalia dizeli, nasi tulikuwa tumeupanga uchumba wangu juu ya uhaba ule kana kwamba ni amri ya Mungu. Nilimwomba aizime kidogo tu, kisha aiwashe. Alinitazama kwa huruma, akasema bia itapata joto.

Nilirudi kwa baba, nikamwinamia.

"Baba, haikuzimwa. Imekuwa kama za mjini. Tuondoke."

"Ng'wanawane, tulia," alisema, yaani mwanangu. "Wako njiani."

Aliwangoja mpaka visarafu vikaisha. Tulitembea kurudi nyumbani gizani. Nilimkasirikia kiasi cha kutaka kulia, na nilimhurumia kiasi kilekile, kwa kuwa kila ng'ombe aliyemtumbukiza mle alimtumbukiza kwa ajili yangu. Mjomba alipopata habari alisema kwamba, kitaalamu, wiki ile mashine ilifanya kazi sawasawa kwa mara ya kwanza.

Washenga wetu walikwenda kuomba muda. Baba wa mchumba wangu aliwapa viti na maziwa, akawaambia anasikitika sana, ila amekwisha pata mgeni mwingine. Sikuambiwa ni nani. Jumapili ile nilikuwa nimesimama njiapanda ya shule wakati ng'ombe walipopita wakiswagwa kwenda kwake, wote wana alama yetu masikioni, na nyuma yao wale wa kuongezea ambao sisi tuliwakosa. Yule jike mweupe niliyezoea kumkamua alinijia akaninusa mkono, ikabidi nimsukume arudi kwenye kundi. Mwenye baa alikuwa nyuma yao, amevaa suti, akaniamkia vizuri na kuniita Mwalimu. Mahari yangu ilifika ilipotakiwa kufika, siku iliyopangwa, bila kupungua ng'ombe hata mmoja. Aliyebadilika ni bwana harusi tu.